Baada ya Dhiki au Ndani ya Dhiki? Uhakiki wa Lugha ya Amani ya Moyo katika Utenzi Mmoja wa Kikristo

Waswahili husema baada ya dhiki faraja. Methali hii imesimama juu ya neno moja dogo, nalo ni baada. Kwa mujibu wake dhiki na faraja ni wageni wawili wasiokutana nyumbani: wa pili haingii mpaka wa kwanza atoke. Ndivyo zisemavyo pia methali zilizo jirani nayo. Subira yavuta heri, na kitu kinachovutwa bado hakijafika. Hakuna marefu yasiyo na ncha, na aliye katikati ya safari hana budi kuingojea ncha hiyo. Hekima hii ni kongwe na ni ya kweli, lakini inamwachia mwenye dhiki swali moja bila jibu: afanye nini leo, kabla ya faraja kufika?

Yafaa kukumbuka kwamba Kurani, ambayo mawazo yake yameingia katika methali nyingi za pwani, hailiweki jambo hili kwa namna hiyo hiyo. Katika sura ya 94, panapozungumzwa uzito na wepesi, neno la Kiarabu litumikalo si lile la baada bali ni maa, yaani pamoja na. Wepesi uko pamoja na uzito. Methali imeutandaza ujirani huo katika wakati, na kuugeuza kuwa mfuatano. Tofauti ya viunganishi hivi viwili si ndogo. Ndiyo tofauti iliyopo baina ya fasihi inayomwahidi msomaji mwisho wa shida na ile inayomwonyesha namna ya kusimama ndani yake.

Fasihi ya Kikristo ya Kiswahili imetoa tungo nyingi za namna zote mbili. Makala haya yanauchunguza utungo mmoja tu, ambao huenda ndio uimbwao zaidi kuliko wote palipo na msiba: utenzi wa Horatio Spafford ujulikanao kwa Kiingereza kama It Is Well with My Soul, katika tafsiri yake iliyomo kitabuni Tenzi za Rohoni. Neno utenzi hapa lina maana ya wimbo wa ibada, si ule utungo wa beti za vipande vinne uliozoeleka Lamu na Pate. Hoja ya makala ni kwamba tafsiri hii, pamoja na kasoro zake za fani, imefaulu kuieleza amani iliyo ndani ya dhiki kwa sababu imetumia maneno ambayo tayari Waswahili walikuwa wakiyatumia katika dhiki zao. Na kwamba tofauti hii ya ndani na baada ndiyo inayofaa kuwa kipimo cha kuhakikia tungo za namna hii.

Msiba uliozaa utenzi

Spafford alikuwa mwanasheria wa Chicago. Moto mkubwa ulioteketeza mji huo mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Miaka miwili baadaye mkewe, Anna, alisafiri kwenda Ulaya pamoja na binti zao wanne, naye Spafford akabaki nyuma kwa ajili ya shughuli zake. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1873, meli yao, Ville du Havre, iligongana na meli nyingine katika bahari ya Atlantiki na kuzama kwa muda mfupi. Watu 226 walikufa, wakiwamo wale mabinti wote wanne. Anna aliokolewa. Spafford aliutunga utenzi wake kutokana na msiba huo, na Philip Bliss akautilia muziki, ambao aliupa jina la ile meli iliyozama. Ulichapishwa mwaka 1876.

Mhakiki hana haja ya kuusimulia msiba huu kwa kirefu, kwani utenzi wenyewe hausimulii. Haumtaji mtoto, meli wala kaburi. Lakini habari hii inasaidia kulielewa jambo moja la fani. Katika ubeti wa kwanza wa Kiingereza zipo tashbihi mbili za maji. Amani inafananishwa na mto, na huzuni inafananishwa na mawimbi ya bahari. Ile ya kwanza imetoka katika kitabu cha Isaya, ambamo amani ya watu wa Mungu inalinganishwa na mto zaidi ya mara moja. Ile ya pili haihitaji kitabu. Kwa baba aliyepoteza watoto wanne baharini, bahari si pambo la mshairi, ni mahali. Kwa hiyo Spafford aliyagawa maji yake: yale matamu ya nchi kavu akayapa amani, na yale ya chumvi akayapa huzuni.

Shwari na shida

Mfasiri wa Kiswahili hakuufuata mgawanyo huu. Mto umetoweka, na mahali pake pameingia neno shwari. Mawimbi nayo yametoweka, na mahali pake limeingia neno shida, neno tupu lisilo na tashbihi yoyote. Bahari, ambayo kwa Spafford ilikuwa upande wa huzuni, kwa Mswahili imehamia upande wa amani.

Pana hasara hapa, na haifai kuifunika. Mwimbaji wa Kiswahili haoni tena kwamba bahari ndiyo iliyoua. Picha iliyobeba uchungu wa mtungaji imefutwa, na anayelisoma neno shida hana dalili ya kumwonyesha kina cha shida yenyewe. Mhakiki mkali angeweza kusema kwamba mfasiri ameipunguza dhiki ili amani ionekane rahisi.

Hata hivyo faida nayo si haba. Kwanza, shwari ni neno lenye historia katika Biblia ya Kiswahili. Katika tafsiri ya mwaka 1952, ndilo litumikalo katika Injili ya Marko, sura ya nne, Yesu anapoukemea upepo na bahari ikatulia. Yeyote aliyelelewa kanisani hulisikia tukio hilo mara aimbapo neno hili. Nalo tukio hilo lina utulivu wa aina mbili, si mmoja. Kabla ya shwari ya bahari kuna usingizi wa Yesu mwenyewe, aliyelala kwenye shetri, kichwa juu ya mto wa kulalia, huku chombo kikijaa maji. Shwari ya bahari ilikuja baada ya tufani. Usingizi ule ulikuwa ndani yake. Wanafunzi waliitaka ya kwanza, na walipewa. Lakini lawama waliyopata baada ya bahari kutulia, kwamba walikuwa na hofu na upungufu wa imani, inaonyesha kwamba waliikosa ya pili.

Pili, shwari ni neno la mabaharia, na kwa mabaharia si neno la raha tupu. Jahazi la tanga halisafiri kwa shwari. Husafiri kwa upepo. Shwari inapoingia chombo husimama, na wasafiri hutegemea makasia au subira yao. Isitoshe, hakuna nahodha aliyewahi kuimiliki shwari. Huja na kuondoka kama zijavyo na kuondoka kaskazi na kusi. Kuifananisha amani na shwari, kwa hiyo, ni kukiri kwamba nayo si mali ya mtu. Mto wa Isaya hutiririka daima. Shwari ya mfasiri huonwa ikiwapo. Kwa wazo la utenzi huu tashbihi ya Kiswahili inafaa zaidi, maana ubeti hausemi kwamba amani itadumu. Unasema kwamba, iwepo shwari au isiwepo, moyo una mahali pengine pa kusimama.

Tatu, tazama sarufi. Kitenzi kilichotumika kwa amani na kwa shida ni kimoja, nacho ni kuona. Kiswahili huona mengi yasiyoonwa kwa macho: mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, huona raha, huona taabu. Kitenzi hiki kimetiwa kirejeshi -po- cha wakati, na pande mbili zimeunganishwa kwa neno ama. Kiunganishi hiki hakipangi nyakati. Huziweka hali mbili katika mizani moja, bila kusema ipi itatangulia na ipi itafuata. Kile ambacho methali ilikitandaza katika wakati, sarufi ya ubeti huu imekikunja tena. Shida haikugeuzwa kuwa njia ya kuifikia amani, wala amani haikugeuzwa kuwa malipo ya shida. Zote mbili zinaonwa na mtu mmoja, na jambo linalofuata ni lile lile kwa zote mbili.

Kuhusu fani, utenzi huu una udhaifu ulio dhahiri. Mfasiri ameitunza hesabu ya mizani: mstari wa kwanza una mizani 11 na wa pili 8, sawasawa na Kiingereza. Lakini lugha hizi mbili hazigawi mkazo kwa namna moja. Mstari wa Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo, ilhali neno la Kiswahili hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake, silabi ya mwisho ya neno shwari, ambayo kwa kawaida hutamkwa kwa wepesi, huangukia kwenye noti ndefu na kuvutwa mahali isipostahili. Vina navyo havikupangwa kama wapangavyo washairi wa Kiswahili. Kwa kanuni alizozieleza K. Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, utungo huu usingehesabiwa kuwa shairi hata kidogo.

Hukumu hiyo ni ya haki katika mipaka yake. Lakini haielezi ni kwa nini utungo uliokosa vina umekaa katika vinywa vya watu ambao hawawezi kukariri hata ubeti mmoja wenye vina kamili. Jibu limo katika kiitikio.

Salama, amani na imani

Kiitikio cha Kiingereza kina neno ambalo ni la kawaida mno, neno la mtu aliyeulizwa hali akajibu kwamba hajambo. Mfasiri angeweza kuchagua neno la fahari zaidi. Alichagua salama, na kwa uchaguzi huo alifanya mambo mawili, pengine bila kuyakusudia.

Jambo la kwanza ni la ukoo wa maneno. Neno la Kiebrania ambalo Agano la Kale hulitumia kwa amani ni shalom, lenye maana ya ukamilifu, uzima wa kitu kisichopungua. Mzizi wake una konsonanti tatu ambazo katika Kiarabu ni s, l na m, nazo ndizo zilizotupa salama, salamu na salimu. Spafford alitumia neno la Kiingereza lisilo na uhusiano wowote na Kiebrania. Mfasiri, kwa kutumia neno la sokoni na la barazani, amelirudisha wazo hilo kwenye mzizi wake. Mzizi huo huo umezaa pia msemo kusalimu amri, yaani kukubali kushindwa. Ukaribu wa salama na kusalimu amri ni jambo la kukumbukwa, kwani utarejea hapa chini kwa sura ya pingamizi.

Jambo la pili ni la matumizi. Salama ni jibu la salamu; na shwari nayo, katika mazungumzo ya kila siku, imekuwa jibu la salamu. Utenzi huu, basi, umejengwa kwa maneno ambayo mtu huyatamka aulizwapo hali. Kila mwenye kuijua desturi ya maamkizi anajua kwamba jibu hilo hutolewa hata pale ambapo hali si njema. Mgeni aliyeleta habari ya kifo huulizwa habari za huko atokako, naye hujibu kwamba ni njema, au ni salama; kisha hunyamaza kidogo, akasema, ila. Wageni wa lugha hii wameudhani mtindo huo kuwa ni unafiki. Sivyo. Jibu la kwanza huwakusanya wanaozungumza mahali pamoja palipo imara, ndipo habari nzito iweze kuletwa na kupokewa. Salama hailifuti lile ila, huliandalia kiti.

Hivyo ndivyo kiitikio kinavyofanya kazi. Mwombolezaji anayekiimba hasemi kwamba nyumbani kwake ni salama. Kauli yake imewekewa mpaka kwa kiambishi cha mahali, -ni, na kwa upatanisho wa mu-, ambao katika Kiswahili ni upatanisho wa ndani. Lugha hii ina mahali pa namna tatu: pa- palipo mahususi, ku- kuliko mbali au kusikodhihirika, na mu- mlimo ndani. Kiingereza hutumia kihusishi. Kiswahili hulazimika kuchagua, na mfasiri alichagua mu-. Nje ya mpaka huo shida imeachwa kuwa shida. Kama angesema kwamba kwake ni salama, kwa upatanisho wa ku-, wimbo ungekuwa uongo mbele ya jeneza.

Hapa pafaa kuulinganisha utenzi huu na jaribio jingine. Biblia ya Karl Roehl, iliyokamilika mwaka 1937 baada ya Agano Jipya lake la mwaka 1930, ilitaka kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu katika Kiswahili cha kanisa na kuweka yale ya Kibantu. Neema iliitwa upole. Amani iliitwa utengemano. Kuamini kukawa kutegemea. Si haki kulicheka jaribio hili. Utengemano ni jina lililotokana na kutengemaa, kuwa katika hali iliyokaa sawa, na kwa maana yake ya msingi liko karibu sana na shalom. Tena kutegemea na kutengemaa hukaribiana kwa sauti, na mwandishi hodari angeweza kuutumia mwangwi huo.

Hata hivyo neno hilo halikushika, na sababu zake si za kidini tu. Kiswahili kilikwisha kupata mwangwi wake mwenyewe. Amani, imani, amini, amana na amina yametoka katika mzizi mmoja wa Kisemiti, wenye maana ya kuwa thabiti na kuaminika. Mtume Paulo, aliyeandika kwa Kigiriki, alikuwa na pistis na eirene, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Msomaji wa Kiingereza naye ana maneno mawili yasiyojuana. Msomaji wa Kiswahili ana imani na amani, yaliyotofautiana kwa irabu moja ya mwanzo. Anaposikia kwamba mtu hupata amani kwa njia ya imani, sikio lake humwambia kwamba maneno haya ni ndugu, na anapoitika amina humleta ndugu wa tatu. Uhusiano ambao wanateolojia wa lugha nyingine hulazimika kuufafanua, Kiswahili huusema chenyewe. Roehl, kwa kuyatoa maneno hayo, alikata undugu huo.

Zaidi ya hayo, utengemano lilikuwa neno jipya katika matumizi yale, na mtu hafarijiki kwa neno jipya. Aliyefiwa hutaka neno ambalo mamake alilitumia alipofiwa. Amani na salama yalikuwa yamekwisha kuombewa, kuapiwa na kuliliwa na vizazi vya Waislamu wa pwani kabla ya J. L. Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Krapf mwenyewe aliyapokea maneno hayo katika mwaka wa msiba: mnamo Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Ukristo wa Kiswahili haukuunda lugha yake ya faraja. Uliikuta imekwisha kuiva katika nyumba ya jirani. Kulikiri deni hilo hakupunguzi thamani ya tungo zake.

Ayubu na rafiki zake

Kipimo cha baada na ndani huonyesha nguvu zake kinapotumiwa kwa kisa ambacho dini zote mbili wanacho. Utendi wa Ayubu, ambao J. W. T. Allen aliuchapisha tena katika mkusanyo wake wa mwaka 1971, umejengwa juu ya subira. Nabii anapoteza mali, watoto na afya, anavumilia, na mwisho anarudishiwa. Kisa kinakwenda moja kwa moja kutoka dhiki hadi faraja, na ndivyo bahari ya utendi inavyopenda kwenda.

Ayubu wa Biblia huvumilia kwa kimya katika sura mbili za kwanza tu. Tangu sura ya tatu analaani siku ya kuzaliwa kwake, na kwa takriban sura 30 anabishana na rafiki zake na kumshitaki Mungu. Rafiki zake wanatetea kanuni ya baada: tubu, kisha utapata raha. Katika sura ya 42 Mungu anakasirika nao, na kusema kwamba mlalamikaji ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kadhalika Zaburi: sehemu kubwa ya kitabu hicho ni malalamiko, na ile ya 88 inaishia gizani, bila faraja yoyote.

Maana yake kwa mhakiki ni kwamba, katika mapokeo ya Kibiblia, malalamiko si kinyume cha amani ya moyo. Ni chumba mojawapo cha nyumba hiyo. Tungo nyingi za Kikristo za Kiswahili zimekuwa dhaifu kwa kuliogopa jambo hili. Hutaja majaribu katika ubeti wa kwanza kwa maneno ya jumla, na kufikia ubeti wa pili yamekwisha kushindwa. Vina vya amani na imani hupatikana bila jasho, na mwandishi hudhani kwamba kwa kuvipanga amethibitisha jambo. Undugu wa maneno ulio zawadi ya lugha huwa hapo mtego wa mtunzi mvivu. Hata utenzi uchunguzwao hapa, kwa kuyafuta mawimbi, ulikaribia mtego huo. Ulinusurika kwa lile neno ama, na kwa upatanisho wa mu-.

Pingamizi

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo halitoki kwa wanafani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika tamthilia iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda mwaka 1982, walimwonyesha tajiri Mkristo, Kĩoi, anayemhimiza Kĩgũũnda, kibarua wake, afunge ndoa ya kanisani. Kĩgũũnda anakopa fedha za arusi, na mwisho anakipoteza kishamba chake. Katika tamthilia hiyo maneno ya utulivu na ya mbinguni ni ganzi: humfanya mtu asisikie kisu. Kwa mtazamo huo, yule asemaye kwamba ni salama ndani yake amekwisha kusalimu amri nje yake. Ukoo wa maneno uliotajwa hapo juu unaonekana kumuunga mkono mshitaki.

Mhakiki hawezi kulikwepa shitaka hili kwa kusema kwamba fasihi ya dini haihusiani na siasa. Linajibiwa kwa kutazama nafsi. Kĩoi husema katika nafsi ya pili. Anamwambia maskini namna ya kuwa na moyo mtulivu, naye mwenyewe hana dhiki. Ndivyo walivyosema rafiki za Ayubu. Utenzi wa Spafford, kinyume chake, uko katika nafsi ya kwanza umoja, tangu kitenzi cha kwanza hadi kimilikishi cha mwisho cha kiitikio. Hakuna mtu anayeambiwa atulie. Aliyefiwa anasema juu ya roho yake mwenyewe, na hakuna mwingine awezaye kulisema neno hilo kwa niaba yake. Amani isemwayo katika nafsi ya kwanza ni ushuhuda. Iamrishwayo katika nafsi ya pili ndiyo ganzi iliyoshitakiwa na tamthilia.

Wala haikubaliki kwamba amani ya ndani lazima ilaze mikono. Mwaka 1881 Spafford na Anna walihamia Yerusalemu pamoja na wenzao, wakaanzisha makao ya jumuiya yaliyohudumia Waislamu, Wayahudi na Wakristo bila ubaguzi. Spafford alifariki mwaka 1888. Katika Vita Kuu ya Kwanza jumuiya hiyo iliwapikia wenye njaa wa mji huo. Maisha ya mtungaji hayathibitishi ubora wa utungo wake, lakini yanatosha kuonyesha kwamba kusalimu na kusalimu amri, japo ni ndugu, si mtu mmoja.

Hata hivyo tamthilia ile imetoa onyo ambalo linabaki. Utenzi mmoja unaweza kuimbwa katika nafsi zote mbili. Mchungaji anayeuanzisha kaburini kabla mjane hajalia ameugeuza kuwa amri, ingawa hakubadilisha hata herufi moja. Sarufi ya utungo inaweza kulindwa na mfasiri. Sarufi ya matumizi hulindwa na waimbaji.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba thamani ya utenzi huu katika Kiswahili haimo katika vina wala katika ulinganifu wa mkazo na muziki, ambamo una kasoro. Imo katika maneno manne au matano ya kawaida: shwari, shida, ama, salama, na kiambishi cha ndani. Kwa maneno hayo, dhiki na utulivu vimewekwa chini ya paa moja bila kimoja kukifukuza kingine. Roehl alikuwa na neno lenye haki ya kiisimu, lakini lisilo na kumbukumbu ya kilio, nalo halikudumu. Mfasiri wa Tenzi za Rohoni alichukua maneno ya maamkizi, yaliyokwisha kuchakaa kwa matumizi, na uchakavu huo ndio uliyapa nguvu.

Uhakiki wa fasihi ya dini katika Kiswahili umejishughulisha sana na asili za maneno na kanuni za mashairi, na ni sawa. Lakini utungo wa faraja una swali lake lenyewe, nalo ni hili: je, umempa mwenye dhiki kitu cha kushika leo, au umemwambia angoje? Kwa swali hilo, ubeti usio na vina unaweza kuushinda wenye vina kamili. Baada ya dhiki faraja, ni kweli. Ila wapo ambao dhiki yao haitakuwa na baada, na hao nao huulizwa hali kila asubuhi.